Mashine Isiyoamka

Kompyuta kuukuu ikikataa kuwaka, msiihukumu upesi kuwa imekufa. Kolwezi vumbi ni jingi, nao umeme hukatika mara kwa mara. Anzeni ukutani: umeme upo? Waya umeshikamana? Taa ikiwaka na feni ikizunguka, lakini kioo ni cheusi, huenda kibao chembamba cha kumbukumbu kimeshikwa na uchafu. Chomoeni waya, fungueni sanduku, kitoeni, sugueni polepole meno yake ya rangi ya dhahabu kwa kifutio cha mwanafunzi, kisha mkirudishe imara. Ikisahau saa na tarehe, badilisheni betri ndogo ya volti 3. Lakini kisanduku kinachogawa umeme msikifungue kamwe: hata kikichomolewa, umeme hubaki ndani, nao waweza kuua. Hapo mwiteni fundi. Akiba ya nyumba isitupwe kwa ajili ya vumbi.