Msitu wa Amazon Wapata Nafuu

Habari za misitu tunazoletewa kila mara ni za kilio, hata vijana wengi wanadhani mambo yameshaharibika na hakuna la kufanya. Leo twende Brazil, kwenye msitu wa Amazon, msitu wa mvua ulio mkubwa kuliko yote duniani. Huko kuna habari njema na, zaidi ya hayo, inajulikana vizuri jinsi ilivyopatikana.

Mwaka wa 2004 sehemu ya msitu iliyofyekwa huko ilikuwa ya kilomita mraba 27,772. Nairobi yetu nzima ina kama kilomita mraba 700. Piga hesabu mwenyewe: ni kana kwamba miji 40 ya ukubwa huo ilifagiliwa miti yote kwa mwaka mmoja! Kufikia 2012 hasara ilikuwa imeshuka hadi kilomita mraba 4,571.

Waziri wa mazingira wakati kazi hiyo ilipoanza alikuwa Bi Marina Silva, binti wa wagema mpira wa jimbo la Acre. Alifika umri wa miaka 16 kabla ya kujua kusoma, na aliwahi kuwa mtumishi wa nyumbani. (Wazazi mnaodhani mtoto aliyechelewa shule amekwisha, mwangalieni huyu.) Alipigania msitu bega kwa bega na Chico Mendes, kiongozi wa wagema mpira aliyeuawa kwa risasi nyumbani kwake, mjini Xapuri, mnamo Desemba 1988.

Sasa, walifanyaje? Awali picha za setilaiti zilikuwa zikitoa hesabu ya mwaka mzima. Hesabu ilipotoka, mkataji alikuwa ameshauza mbao, ameotesha nyasi na ng'ombe wake wananenepa. Mwaka wa 2004 ulianzishwa mpango wa kutazama picha mara kwa mara, ili wakaguzi wapate habari shoka likiwa bado linakata.

Lakini wakaguzi peke yao wasingeuweza msitu mkubwa namna ile. Kwa maoni yangu kilichouma hasa ni mfuko. Kuanzia 2006 wafanyabiashara wakubwa wa soya walikubaliana wasinunue soya iliyopandwa kwenye msitu uliofyekwa karibuni. Mwaka wa 2008 mabenki nayo yakaagizwa yasimkopeshe mkulima wa Amazon asiyekuwa na karatasi za kuonyesha kwamba anafuata sheria za mazingira. Bila mkopo na bila mnunuzi, kufyeka kuna faida gani?

Haikuwa safari ya kupanda tu. Baada ya 2012 ulinzi ulilegea, na chini ya Rais Jair Bolsonaro, aliyeingia 2019, ukalegea zaidi. Mwaka wa 2021 zilifyekwa kilomita mraba 13,038. Kisha Rais Lula da Silva akarudi madarakani Januari 2023, Bi Silva akarudishwa kwenye wizara yake ya zamani, wakaguzi wakarudi msituni. Katika mwaka wa hesabu uliokwisha Julai 2025 hasara ilikuwa kilomita mraba 5,796, chini ya nusu ya ile ya 2021.

Mimi kushuka huko kwa mara ya pili ndiko kunakonipa moyo zaidi. Mara ya kwanza mtu angeweza kusema ni bahati, au ni bei ya nyama iliyoanguka.

Hata hivyo, bado upo moto. Ukame wa 2024 uliacha sehemu kubwa ya Amazon ikiungua, na mti ulioungua nusu hauingii katika hesabu ya iliyofyekwa. Hapo benki haisaidii.

Nasi tunacho kipande chetu cha msitu wa mvua, Kakamega, ambako shule nyingi hupeleka wanafunzi. Mwanafunzi atakayebahatika kwenda, asiishie kuhesabu nyani na vipepeo. Amwulize mlinzi wa msitu maswali mawili: mti ukikatwa leo, habari zinamfikia baada ya siku ngapi? Na kuni na makaa yanayotoka humo, ni nani anayeyanunua?