Kiwanja cha Bei Nafuu, kwa Gharama ya Nani?



Kwa miaka mingi sasa jiji la Dar es Salaam limekuwa likiwasukuma watu wake pembezoni. Mfanyakazi aliyechoka kulipa kodi ya chumba Manzese, mwalimu anayekaribia kustaafu, mama lishe aliyeweka akiba yake shilingi kwa shilingi, wote huuliza swali moja: wapi tutapata kiwanja kwa fedha tuliyo nayo? Na wengi wao jibu wamelipata katika njia ya Morogoro, kupita Kibamba na Kiluvya, katika mji wa Kibaha na maeneo yake ya Maili Moja, Picha ya Ndege, Kongowe na Visiga, na hata mbele zaidi hadi Mlandizi. Sensa ya mwaka 2012 iliuhesabia Mkoa wa Pwani watu 1,098,668. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu watu 2,024,947. Ongezeko la namna hiyo halitokani na kuzaliwa kwa watoto peke yake. Ni watu waliohama wakitafuta mahali pa kuweka msingi.

Sisi wa Haki na Amani hatuoni kosa katika jambo hilo. Baba Mtakatifu Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, aliona kuwa ni haki ya mfanyakazi kubana matumizi na kuugeuza ujira wake kuwa kipande cha ardhi kilicho chake na cha watoto wake. Mwaka 1987, Umoja wa Mataifa ulipoadhimisha Mwaka wa Kimataifa wa Makazi kwa Wasio na Makao, Tume ya Kipapa ya Haki na Amani ilitoa waraka mzima juu ya Kanisa na tatizo la makazi, ili kukumbusha kwamba makao yanayostahili ni haki ya mtu. Kwa hiyo muumini anayejinyima ili ajenge anafanya jambo jema. Tunalotaka kulisema katika toleo hili ni lingine, nalo linauma: unafuu wa viwanja hivi aghalabu hulipwa na mtu ambaye jina lake halimo katika mkataba.

Kibaha ni mji wenye mengi ya kupendeza. Tangu mwaka 1963 nchi za Nordic zilipoanzisha pale mradi wa elimu, afya na kilimo, ambao baadaye ulikuwa Shirika la Elimu Kibaha, mji huu umekuwa na shule zenye sifa na hospitali ya Tumbi. Barabara kutoka Kimara hadi Kibaha imepanuliwa kuwa ya njia nane. Hewa ni safi, na nafasi ipo ya kupanda mwembe na kufuga kuku. Hata hivyo anayenunua afanye hesabu yote, kama yule mjenzi wa mnara katika Injili ya Luka. Mtu akitumia saa 4 kila siku kwenda kazini Kariakoo na kurudi, kwa siku 6 za juma, amepoteza saa 24 barabarani, yaani siku nzima. Siku hiyo ni ya mke, ya watoto, na ya jumuiya. Na wako wanaoishi si mbali na bomba kuu linalotoa maji Ruvu Juu kuyapeleka jijini, huku wao wenyewe wakinunua maji kwa madumu.

Lakini hesabu ya nauli na maji ni nyepesi ukiilinganisha na hesabu ya ardhi yenyewe.

Tuanze na anayeuza. Maeneo haya hayakuwa pori tupu. Yalikuwa mashamba ya Wazaramo na Wakwere, yenye minazi, mikorosho na mihogo. Mzee mwenye eka tatu hufuatwa na dalali wakati ana mgonjwa au ana deni la msiba, naye huuza eka moja kwa bei ambayo dalali ameitaja. Eka moja ni mita za mraba 4,047 hivi. Dalali huikata viwanja vya mita 20 kwa 20, yaani mita za mraba 400 kila kimoja, na akiwa na tamaa hupata viwanja 10. Msomaji na apige hesabu mwenyewe: kinachobaki ni mita za mraba 47. Katika hizo haiwezi kupita gari la wagonjwa, wala gari la zimamoto, wala la kunyonya choo. Tumezika wapendwa wetu katika mitaa ya namna hiyo, jeneza likipitishwa juu ya ukuta wa jirani kwa sababu mlango wa marehemu haukuwa na njia. Siku ya kununua kila mmoja alifurahia bei.

Mzee aliyeuza, baada ya miaka michache, eka zake tatu zimekwisha. Fedha nayo imekwisha. Anakuwa mlinzi wa usiku katika ukuta uliojengwa juu ya mikorosho yake. Nabii Isaya aliwalaumu wale wanaounganisha nyumba na nyumba, shamba na shamba, hata wengine wakakosa nafasi. Hatudhani aliwasema matajiri wa kale peke yao. Yuko Mkristo wa leo mwenye viwanja saba Kibaha, vyote vimeota nyasi, akingoja bei ipande. Tuliyaona hayo hata katika mradi wa Serikali wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002 pembezoni mwa jiji, huko Bunju, Mbweni, Kibada, Toangoma na Buyuni. Kazi ya kupima ilikuwa njema na ya lazima, lakini viwanja kadhaa vilikaa miaka bila msingi, ilhali wasio na makao walizidi kusonga mbele kwenye ardhi isiyopimwa.

Sasa tuje kwa anayenunua. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inasema ardhi yote ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Kwa hiyo tunachouziana ni haki ya kuimiliki na kuitumia kwa masharti, na haki hiyo ina njia zake. Kiwanja kilichopimwa na chenye hati kina kumbukumbu kwa Msajili wa Hati, na mnunuzi anaweza kuomba upekuzi rasmi ili ajue mmiliki ni nani na kama kiwanja kimewekwa rehani. Ardhi ya kijiji iko chini ya sheria nyingine, Na. 5 ya mwaka huo huo, na huko halmashauri ya kijiji na mkutano wa kijiji vina sauti. Mkataba wa mauziano sharti uwe wa maandishi. Mambo haya si siri, wala hayahitaji shahada ya chuo kikuu. Hata hivyo watu wengi hulipa akiba ya miaka kumi kwa karatasi moja yenye muhuri wa serikali ya mtaa, wakidhani muhuri huo ni hati. Mwenyekiti wa mtaa anaweza kushuhudia kwamba anawafahamu waliouziana. Hana mamlaka ya kugawa ardhi, na muhuri wake haukiondoi kiwanja katika hifadhi ya barabara.

Tunaitaja hifadhi ya barabara kwa makusudi. Mwaka 2017, kati ya Kimara na Kiluvya, nyumba zaidi ya elfu moja zilibomolewa kwa kuwa zilikuwa ndani ya mita 121.5 kutoka katikati ya barabara ya Morogoro. Nyumba za ibada nazo zilianguka. Wengi wa waliobomolewa walikuwa wamenunua kwa jasho lao, mbele ya mashahidi, na walikuwa wakilipia umeme na maji kama raia wengine. Kuhusu namna zoezi lile lilivyoendeshwa, kwa haraka na bila fidia kwa walio wengi, tunasema wazi kwamba Serikali iliyowaunganishia watu umeme na maji haiwezi kunawa mikono kana kwamba haikuwaona. Ila tunasema pia kwamba kabla ya buldoza alikuwapo muuzaji, na baadhi ya wauzaji walijua.

Katika Kitabu cha Yeremia, sura ya 32, kuna habari ambayo tungependa isomwe katika kila jumuiya kabla mtu hajanunua hata mita moja. Yerusalemu umezingirwa na Wababeli, nabii yuko kifungoni, na binamu yake Hanameli anakuja kumwuzia shamba la Anathothi. Yeremia hasemi kwamba huyu ni ndugu yangu, basi tumalizane kimya kimya. Anapima fedha katika mizani, shekeli 17. Anaandika hati, anaitia muhuri, anawaita mashahidi nao wanatia sahihi. Ziko hati mbili, moja imefungwa na moja imeachwa wazi, na Baruku anaagizwa mbele ya watu wote aziweke katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Haya yote yanafanyika mji ukiwa karibu kuanguka. Sisi tulio katika amani tunanunua kwa ujumbe wa simu na picha ya kiwanja!

Tazameni tena ile mizani. Siku hizi umezuka mtindo wa kuandika bei mbili: moja ya kweli, inayolipwa mkononi, na nyingine ndogo ya kuonyesha ofisini ili kupunguza kodi na ushuru wa stempu. Wako waumini wanaoliona jambo hili kuwa werevu wa kawaida. Ni uongo ulioandikwa na kutiwa sahihi na watu wawili, na mara nyingi humrudia mnunuzi mwenyewe. Kesi ikizuka na mahakama ikaamuru arudishiwe fedha, karatasi yake inasema alilipa nusu tu.

Kwa akina baba tuna neno la pekee. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inakataza mwenzi mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwingine. Sheria hii ina zaidi ya nusu karne, na bado mashauri ya nyumba zilizouzwa mama akiwa msibani kwao hayajakoma kufika katika ofisi za parokia. Tunajua saruji ya nyumba nyingi za Kibaha ilitoka wapi: ilitoka katika vikoba, katika vitumbua, katika genge la nyanya. Tofali ni za mama, karatasi ni ya baba. Siku baba anapofariki, shemeji huja na funguo. Kuandika majina mawili katika mkataba hakugharimu shilingi moja zaidi, na UWAKA wangefanya vema kulizungumza jambo hili wao wenyewe kabla WAWATA hawajalileta mezani.

Tunawageukia sasa viongozi wa walei, maana hapa ndipo wanapohusika moja kwa moja. Imekuwa desturi katika baadhi ya parokia kutangaza viwanja baada ya Misa: viko karibu na lami, bei ni ya waumini, nafasi ni chache. Mtangazaji huenda ana nia njema. Lakini muumini anayesikia tangazo hilo humwamini Padre na altare, na hata dalali hamwulizi tena maswali. Maoni yetu ni kwamba tangazo la kiwanja lisisomwe kanisani kamwe, hata kama muuzaji ametoa ahadi ya kuchangia ujenzi wa kigango. Anayependa kuwauzia waumini aende nyumba kwa nyumba kama wauzaji wengine, aulizwe maswali kama wengine. Na kiongozi wa jumuiya aliyepewa kamisheni kwa kila jirani aliyemleta kwa dalali alitangaze hilo kwa jirani huyo kabla fedha haijatoka.

Parokia nazo hununua ardhi, kwa ajili ya kigango, shule au makaburi. Utaratibu uwe uleule: upekuzi, mpima aliyesajiliwa, wakili, bei moja. Na yule mzee aliyetuuzia shamba asiondoke akiwa hana hata pa kuzikwa. Wako mapadre ambao, katika kununua, wamemwachia muuzaji sehemu yenye nyumba yake na miti michache, wakailipia kazi ya kuipima kwa jina lake. Haikuifilisi parokia yoyote.

Tunapendekeza kila Jumuiya Ndogo Ndogo ichague watu wawili, mmoja wao mwanamke, watakaomsindikiza mwanajumuiya yeyote anayetaka kununua. Kazi yao si kutoa fedha wala kuamua bei. Waende naye kukiona kiwanja wakati wa masika, si kiangazi tu, maana bonde likikauka hufanana na tambarare. Wawaulize majirani wa pande zote nne jina la mwenye eneo. Waende naye ofisi ya ardhi ya halmashauri kuuona mchoro wa mipango miji, ili ijulikane kama mahali pale pamekusudiwa makazi, soko, au barabara. Wahakikishe nakala moja ya mkataba inakaa nje ya nyumba ya mnunuzi, kwa mtu anayeaminika, kama alivyofanya Baruku. Jumuiya yenye shauri la kiwanja ambalo limekwama iliandike na kulileta kwa kamati ya Haki na Amani ya parokia pamoja na nakala za karatasi zote. Na anayetaka ushauri tunamwomba aje kabla ya kulipa.