Mwenye ploti, toa hilo kufuli



Leo naongea na wewe mwenye ploti. Wewe uliyesimama ibadani ukashuhudia jinsi Mungu alivyokupa vyumba 20, kanisa likapiga makofi. Kuna mpangaji wako amelipa miaka 6, kila mwezi kabla ya tarehe 5, keateka hajawahi kumgongea. Sasa figo zimekataa. Anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, kazi imeisha, kodi imechelewa miezi miwili. Na wewe umetuma kijana na kufuli.

Usiniambie biashara ni biashara. Fungua Kumbukumbu la Torati 24, anza mstari wa 10. Anayedai anaamriwa asimame nje. Nje! Asiingie kwa mdaiwa kujichukulia rehani. Na mdaiwa akiwa maskini, vazi lake lirudi jua likitua, apate la kulalia. Wewe umefungia ndani godoro, dawa na karatasi za hospitali, mgonjwa analala kwa dada yake. Halafu Jumatano unakuja kwa maombi kumpaka mafuta. Mafuta gani hayo?

Wengine mmeanza kunong'ona ati hana imani, ati kuna dhambi mahali. Marafiki wa Ayubu walisema hivyo hivyo, na Mungu akawakasirikia wao.

Najua una loni ya benki. Benki haijui mambo ya upako, inakata tu. Na sisemi mtu akae bure. Kodi ni deni halali. Paulo mwenyewe alikaa Rumi miaka miwili katika nyumba ya kupanga, kwa gharama yake. Lakini ulikaa na huyu mtu chini ukamuuliza anaweza kutoa ngapi? Dipoziti yake unayo wewe, anza nayo. Mwandikiane, mbele ya shahidi, kiasi na tarehe. Akituma 1,000 kwa M-Pesa, pokea bila matusi. Ikishindikana kabisa, mpe muda, msaidie kutafuta chumba cha bei ya chini. Na ugonjwa wake usiutangaze kwenye grupu ya WhatsApp ya ploti.

Nasi wachungaji tusijifiche nyuma ya mimbari. Tulichanga spika mpya kwa Jumapili mbili. Kodi ya miezi miwili ya chumba kimoja ni pesa ngapi?

Wewe mwenye ufunguo, saa hii bado ni mchana. Mpelekee.