Droni za Ukambani zianzie kwenye fremu

Wacha tuambiane ukweli. Ukitaja droni mbele ya vijana wa Kitui au Makueni, wengi watafikiria kamera na video za harusi. Wachache watauliza ni nini kinachoibeba hiyo kamera huko juu. Ni fremu, yaani mifupa ya droni. Na hapo ndipo kuna kazi yako.

Mahitaji yapo. Kaunti ya Kitui pekee ina zaidi ya kilomita 30,000 za mraba, na nzige walipovamia mwaka wa 2020 tuliona faida ya kukagua mashamba kutoka angani. Makueni nako kuna maembe ya kuchunguzwa. Mota, betri na saketi tutaagiza nje kwa sasa. Lakini fremu inataka hesabu, msumeno na subira tu.

Hesabu yenyewe uliisoma kwenye fizikia ya sekondari. Tuseme droni ina kilo 2.4 na mota nne. Ikitulia angani, kila mota inabeba gramu 600. Ili ipambane na upepo, kila mota iweze kuinua maradufu, kama nyutoni 12. Mkono wa sentimita 25 utapata momenti ya nyutoni-mita 3 kwenye shina lake. Urefushe hadi sentimita 50 na momenti inakuwa 6, lakini ncha itapinda mara nane ya awali. Si mchezo!

Usikimbilie kuongeza chuma, maana uzito unakula betri. Chukua bomba jembamba la alumini, uongeze kipenyo mara mbili bila kugusa unene wa ukuta wake. Uzito utakaribia maradufu, ugumu utakaribia mara nane. Na usitoboe mashimo ovyo kwenye shina, kwa sababu hapo ndipo mkono huvunjikia.

Kuna pia mtikisiko. Propela inayozunguka mara 6,000 kwa dakika inaweza kuitikisa fremu mara 100 kila sekunde. Mtikisiko wa asili wa fremu ukiwa karibu na huo, picha zinaharibika na skrubu zinalegea.

Malighafi je? Kibwezi kuna mkonge. Nyuzi zake zikichanganywa na gundi ya eposi hutoa vipande vyepesi. Havifikii kaboni kwa ugumu, tena hunywa unyevu, lakini kwa droni ya kujifunzia vinafaa kujaribiwa. Wasusi wa vyondo wanajua tayari kwamba mpangilio wa uzi ndio unaobeba mzigo.

Kwa hivyo serikali za kaunti zisitafute droni za dukani tu. Chuo Kikuu cha SEKU kiko Kwa Vonza, na Wote kuna taasisi ya kiufundi. Karakana zao zipewe vifaa vya kupima fremu, na mafundi wa jua kali waalikwe.

Nawe usingoje kualikwa. Funga mkono wa fremu kwenye meza, ning'iniza kilo 1.2 za mchanga kwenye ncha, kisha pima umepinda milimita ngapi. Mchanga hatukosi. Ila kabla ya kurusha chochote, fuata kanuni za droni za 2020: sajili na upate kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, KCAA.

Droni ikivunjika mkono kule Mwingi, isilale kabatini ikingoja kipuri kutoka ng'ambo. Fundi wake awe Mwingi, na awe wewe.