Mvivu ni Nani? Ugomvi wa Supu ya Bata Mzinga

Hapa Wadi Kabir tu wazima, joto ndiyo hilo hilo.

Leo nina ugomvi jamani. Tangu niwatumie picha ya supu yangu ya bata mzinga na tambi, na kusema nataka kumtumia mama chungu cha umeme kama changu, simu haipumui. Mmoja kasema tambi ni za nazi na sukari, kuzitia kwenye supu ni uzungu. Mwingine kasema ni uvivu. Shangazi yangu mpenzi ndiye kamaliza kabisa: eti chakula kisichosimamiwa hakina mapenzi.

Haya, tuelewane. Nani alisimamia bokoboko? Ngano na nyama vinakaa kwenye moto mdogo saa nyingi, watu wamelala. Wenyeji wa hapa nao wana harisi yao, ndiyo hiyo hiyo. Na sikukuu ikifika wanafukia shuwa shimoni, nyama imepakwa viungo na kufungwa kwa majani, hadi siku ya pili yake au zaidi. Mmeona mtu amekaa shimoni na mwiko?

Hata hiki chungu asili yake ni jiko la bibi. Aliyekibuni ni Irving Nachumsohn wa Marekani, akapata hataza mwaka 1940. Wazo alilipata kwenye simulizi za kwao Lithuania: Wayahudi walipeleka vyungu tanuri la mkate Ijumaa, vikaiva taratibu kwa joto lililobaki, maana Sabato hawawashi moto. Kampuni ya Rival ilianza kukiuza kwa jina la Crock-Pot mwaka 1971. Huo ndio uzungu wenyewe!

Zamu yangu ni saa 12. Alfajiri naweka paja la bata mzinga lililoyeyuka barafu yote ndani ya friji, kitunguu, karoti, saumu, tangawizi, pilipili manga, na ndimu kavu mbili za hapa Oman. Maji, kifuniko, moto wa chini saa 8, kisha kinajigeuza chenyewe kuwa cha kuweka joto. Nikirudi nachambua nyama, naongeza moto, tambi zinaingia mwisho kabisa. Ukizitia asubuhi utakula uji.

Sasa neno la nesi. Shirika la Afya Duniani linakadiria moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, wakiwamo watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka mitano. Moshi wa kuni na mkaa huo huo mnaouita mapenzi. Mama anakohoa kila asubuhi, nanyi mnasema ni umri. Kumpima kwa simu siwezi, lakini najua saa ngapi kwa siku anainamia jiko. Serikali yetu yenyewe mwaka 2024 ilizindua mkakati wa asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Mama asubiri 2034?

Mtasema umeme ghali. Changu ni cha wati 200, saa 8 ni yuniti 1.6. Linganisheni luku na bei ya kopo la mkaa. Mtasema umeme unakatika. Kweli, basi jiko libaki pembeni la dharura, na nyama iliyopoa humo saa nyingi bila kuiva itupwe. Na maharage mekundu yasiingie humo mabichi, yana sumu: yalowekwe, yamwagwe maji, yachemke kwa nguvu nusu saa kwanza.

Kwa hiyo mvivu ni nani? Anayepanga chakula alfajiri akaenda kuhudumia wagonjwa, au anayekaa sebuleni akisifia mapenzi ya mwanamke aliyeko kwenye moshi?

Chungu kinakuja na mgeni wa kwanza atakayesafiri. Shangazi, nakupenda, ila kwa hili sirudi nyuma. Nangoja majibu yenu.