Usiunde mlango wako mwenyewe

Nimepotea kidogo, kazi zilinibana. Leo nataka kuzungumzia jambo linaloniuma: jinsi sisi waandishi wa programu tunavyoshika akaunti za watu.

Nilipomaliza digrii ya sayansi ya kompyuta, kazi yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa tovuti ya chama kimoja cha kuweka akiba. Sehemu ya kuingia niliiandika mwenyewe, kwa majivuno ya chuo, na nywila nikazihifadhi kwenye jedwali vilevile zilivyoandikwa. Siku moja mama mmoja mwanachama akanipigia simu, amesahau nywila yake. Nikafungua jedwali, nikamsomea. Akanyamaza, kisha akasema, "Kumbe unaiona, kijana wangu? Hiyo ndiyo ya barua pepe yangu pia."

Sikuwa na jibu. Wiki hiyo niliandika mfumo upya na kuwaomba wanachama wote waweke nywila mpya. Kama mimi niliziona, mwizi wa hifadhidata angeziona pia. Ndivyo ilivyoikuta kampuni ya RockYou ya Marekani mwaka 2009: nywila zaidi ya milioni 32 ziliibwa zikiwa wazi.

Tangu hapo msimamo wangu ni mmoja: usiunde mlango wako mwenyewe. Mimi hutumia Django, fremuweki ya Python iliyotolewa kwa umma mwaka 2005, nayo huja na mfumo kamili wa akaunti. Django haihifadhi nywila yenyewe. Huichanganya na chumvi, yaani herufi za nasibu zilizo tofauti kwa kila mtumiaji, kisha huisaga kwa njia iitwayo PBKDF2. Katika toleo la 5.2, la mwaka 2025, husagwa mara 1,000,000. Ukirudi kuingia, ulichoandika husagwa vilevile na matokeo hulinganishwa. Unga haurudi kuwa mahindi. Mama akisahau, simsomei kitu. Anatumiwa kiungo cha kuweka nywila mpya.

Wengine watasema fremuweki za wageni hazitufai: zinadai jina la mtumiaji, na watu wetu wanajua namba ya simu. Ni kweli, lakini dawa ipo. Tangu toleo la 1.5 la mwaka 2013, Django inakuruhusu kuunda modeli yako ya mtumiaji. Iunde siku ya kwanza, kabla ya kutengeneza majedwali. Ukingoja, utahangaika kurekebisha kwa mkono kila jedwali linalomtaja mtumiaji. Namba ya simu iweke, ila isiwe ufunguo mkuu wa akaunti. Laini ikikaa bila kutumika, namba hupewa mtu mwingine, na huyo mgeni asije akarithi akiba ya mama yetu.

Na usikusanye kila kitu. Je, unahitaji kweli namba ya kitambulisho? Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka tuchukue kile tu kinachohitajika. Usichokuwa nacho hakiibwi.

Basi jiulize: mteja akikupigia leo, unaweza kumsomea nywila yake? Kama ndiyo, acha kusoma hapa, nenda ukarekebishe.

Tuonane wakati mwingine.