Taj Mahal ya Bhopal: Kasri la Malkia



Taj Mahal inayojulikana na wengi ni ile ya Agra, kaburi ambalo mfalme Shah Jahan alimjengea mkewe. Juma hili tunakuleteeni Taj Mahal nyingine, iliyoko Bhopal, katikati ya nchi ya Uhindi. Hiyo si kaburi bali ni kasri la kuishi, na aliyeamuru lijengwe ni mwanamke, naye jina lake lilikuwa Shah Jahan vilevile.

Tangu mwaka 1819 hadi 1926, isipokuwa miaka michache, dola hiyo ya Kiislamu iliongozwa na wanawake wanne, binti akimrithi mama. Wa kwanza, Qudsia Begum, alifiwa na mumewe angali kijana, akashika hatamu kwa niaba ya binti yake mchanga. Ndiye aliyejenga kasri la Gohar Mahal kando ya ziwa mwaka 1820. Binti huyo, Sikandar Begum, alitawala baadaye, akasafiri kwenda kuhiji Makka. Mjukuu ndiye Shah Jahan Begum, aliyetawala tangu mwaka 1868 hadi kufariki kwake mwaka 1901.

Ujenzi wa kasri lake ulianza mwaka 1871, ukakamilika mwaka 1884. Lilikuwa na vyumba 120. Mafundi walichanganya matao na kuba za Kimughali na nakshi za Kihindu na mitindo ya Ulaya. Ukumbi mmoja, Sheesh Mahal, ulipambwa kwa vioo, hata mwanga mdogo wa taa ukametameta kila upande. Uani palikuwa na banda lililoitwa Sawan Bhado, kwa majina ya miezi miwili ya masika ya Uhindi. Maji yalitiririshwa humo ili aliyeketi ahisi ubaridi na sauti ya mvua hata wakati wa kiangazi.

Lakini malkia huyu hakujijengea nafsi yake peke yake. Aliandika kwa Kiurdu kitabu cha malezi na mwenendo wa wanawake. Alichangia fedha za msikiti wa Woking, Uingereza, uliofunguliwa mwaka 1889, wa kwanza nchini humo kujengwa mahususi kwa ajili ya sala. Na jirani na kasri lake alianzisha Taj-ul-Masajid, yaani taji la misikiti, wenye kuba tatu kubwa na sehemu iliyotengwa kwa wanawake. Fedha zilipungua, naye akafariki kabla haujatimia.

Sasa tutazame yaliyofuata. Uhindi ilipogawanywa mwaka 1947, wakimbizi kutoka Sindh walipewa hifadhi katika kasri. Walipohamia kwingine, jengo likabaki bila matunzo. Dari zikaporomoka, vioo vikang'oka, na majani yakaota mahali walipopita watumishi wa malkia. Msikiti, kinyume chake, haukuachwa. Mwaka 1971 Waislamu waliuanza tena ujenzi wake, na mwaka 1985 ukakamilika, miaka 84 baada ya kifo cha aliyeuweka msingi. Leo ni miongoni mwa misikiti mikubwa kabisa ya Uhindi. Ule wa Woking nao ungali ukisaliwa.

Hatusemi kwamba nyumba nzuri ni kosa; makazi mema ni neema, na kasri la Bhopal lastahili kutunzwa kama kumbukumbu. Tunalotaka familia zetu zilizingatie ni hili: kilichokuwa cha malkia peke yake kilikosa wa kukiangalia, na alichowatolea watu, watu wenyewe walikimalizia. Hiyo ndiyo maana ya sadaka yenye kuendelea. Haihitaji utajiri wa malkia. Kisima, darasa la chuoni au mkeka wa msikitini vyatosha kuanzia.

Wazazi, wasimulieni mabinti zenu habari za malkia wa Bhopal. Wabillahi tawfiq.